Maonyesho ya Mbizi ya Düsseldorf na Wazamiaji Wetu wa Majongoo

Maonyesho ya vyombo na michezo ya majini ya Düsseldorf, Ujerumani, ambayo wenyewe huyaita boot, yalianza mwaka 1969, na siku hizi hufunguliwa kila Januari kwa siku tisa na kupokea zaidi ya watu 200,000. Kumbi zake nyingi ni za mashua za matanga na boti za kifahari, lakini ukumbi wa 11 na wa 12 ni wa wapiga mbizi, na hizo ndizo zilizonifanya niombe ruhusa kazini katikati ya kaskazi, wakati hoteli za Nungwi na Matemwe zimejaa na kila mwenye cheti cha kuongoza wazamiaji anahitajika baharini. Shangazi yangu anaishi Arnhem, mji wa Uholanzi ulio karibu na mpaka, na alikuwa amenialika kwa muda mrefu. Nikaona kuwa nikiwa kwake, Düsseldorf ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilikwenda na maswali mawili. La kwanza ni namna hewa tunayoivuta chini ya maji inavyosafishwa kabla ya kutiwa mtungini, na la pili ni namna ya kumsaidia mtu aliyepooza baada ya kuibuka, mahali ambapo chemba ya matibabu, chumba cha chuma anamopandishiwa mgonjwa mgandamizo, haipo karibu. Wageni ninaowapeleka kuzamia kisiwa cha Mnemba wana vifaa, bima na watu wa kuwaangalia, wala si wao walionitia maswali hayo. Yametoka kwa jamaa zangu wa Pemba wanaozamia majongoo ya bahari, wale viumbe laini wa sakafu ya bahari, ili kuyauza.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Treni ya kutoka Arnhem hupita Emmerich, Oberhausen na Duisburg, mashamba yalikuwa meupe kwa barafu, na shangazi alikuwa amenifungia chapati na kunivisha koti la mumewe lililonifika magotini. Kutoka kituo kikuu cha Düsseldorf nilipanda tremu ya U78, iliyojaa watu waliobeba mabegi matupu ya kutilia vifaa watakavyonunua, na baada ya muda mfupi tukawa milangoni.

Mtu wa visiwani anapoingia kumbi zile hushughulishwa kwanza na wingi wa vitu. Kifaa ambacho Jacques Cousteau na Émile Gagnan walikibuni Ufaransa mwaka 1943, ili hewa ya mtungi imfikie mzamiaji kila anapovuta na kwa mgandamizo ule ule wa maji yanayomzunguka, sasa kinauzwa kwa sura zisizo na idadi na makampuni kama Mares, Scubapro na Cressi. Kulikuwa na bwawa ambamo watoto walifundishwa kuvuta pumzi chini ya maji, wazazi wao wakiwatazama, na pembeni yake vibanda vya nchi zinazouza bahari zao: Misri, Maldives, Indonesia, Ufilipino. Zanzibar nayo ilikuwapo, kwenye kibanda cha wakala wa safari, kwa picha kubwa ya kasa wa Mnemba na bei ya wiki moja chini yake. Nilisimama mbele ya picha ile kwa fahari, na sioni sababu ya kuificha, kwa sababu bahari yetu inastahili kuonyeshwa duniani, na ya Pemba inastahili zaidi, kwa zile kuta za matumbawe za Fundo na Njao zinazoshuka moja kwa moja kwenye kina cha mkondo wa Pemba.

Mzee mmoja wa Kijerumani, aliyekuwa kwenye kibanda cha wanaozamia mabaki ya meli, aliponisikia natoka Zanzibar aliniuliza habari za Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Aliijua siku, aliijua mizinga, alijua kuwa Königsberg nayo iliishia Rufiji mwaka uliofuata. Nilifurahi kuzungumza naye. Hata hivyo, katika kumbi zile mbili nilizozizunguka hadi miguu ikauma, huyo ndiye aliyejua jambo kuhusu watu waliokuwa chini ya maji yetu, na aliowajua ni wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wanaoshuka leo, kila bamvua na kila maji mafu, kwa ajili ya mkate wa watoto wao, hawakuwamo katika maelezo ya mtu yeyote.

Kwenye kompresa, mashine za kushindilia hewa mitungini, nilikaa muda mrefu kuliko mahali popote. Fundi wa kampuni moja, baada ya kutambua kuwa sikuja kutazama tu, aliifungua mashine mbele yangu na kunitolea chujio, silinda ya bati yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, iliyokatwa upande mmoja ili mtu aone yaliyomo. Ndani yake mna tabaka zilizopangwa: punje nyeupe za kunyonya unyevu, kisha makaa meusi ya kushika harufu na mvuke wa mafuta, na katika machujio ya mashine zinazoendeshwa kwa injini ya petroli au dizeli, tabaka la dawa inayoigeuza kaboni monoksaidi, gesi ya moshi wa injini, isiwe sumu. Alinimwagia punje chache kiganjani. Zile zilizokuwa mpya zilikuwa kavu na nyepesi, na zile alizozitoa katika chujio lililokwisha zilikuwa zimegandamana na zina harufu ya mafuta yaliyoungua, harufu ambayo mimi naijua, kwani nimewahi kuivuta mtungini.

Nilimweleza mazingira yetu: joto la mchana, unyevu wa hewa ya pwani, kompresa ya petroli iliyofungwa kwenye mashua yenye nafasi ndogo. Alitikisa kichwa, akanionyesha jedwali la saa za kutumia chujio. Saa zinazoandikwa katika vitabu ni za nchi zenye baridi. Hewa ikiwa ya joto hubeba maji mengi zaidi, na chujio lile lile hufa mapema sana. Akaniambia kuwa kabla ya kununua chochote nikarefushe mpira unaovuta hewa, niupandishe juu na kuuelekeza upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mzamiaji anayeivuta kwenye kina cha mita 20 huipokea kwa nguvu mara tatu ya ile ambayo angeipokea juu. Jambo hilo la mpira halihitaji fedha ya kigeni wala kibali cha mtu. Mita chache za bomba safi zinapatikana sokoni Darajani, mjini Unguja.

Mchana nilihudhuria mhadhara wa daktari wa maradhi ya mbizi. Alizungumza Kiingereza kwa utaratibu, na mwanzo wa mhadhara alichukua chupa mbili za maji yenye gesi, akaifungua moja kwa ghafla hadi povu likamwagika juu ya meza, kisha akaifungua ya pili kidogo kidogo, akisubiri baina ya kila mzunguko wa kifuniko, na haikumwaga hata tone. Halafu akaeleza. Juu ya maji tunabeba mgandamizo mmoja wa hewa, na kila mita 10 tunazoshuka huongeza mwingine, kwa hiyo kwenye mita 30 mwili unabeba mara nne. Naitrojeni, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa, huingia katika damu na mafuta ya mwili kwa kadiri ya mgandamizo huo na muda ambao mtu amekaa chini. Akipanda polepole hutoka kwa njia ya pumzi. Akipanda kwa haraka hugeuka mapovu ndani ya mishipa, maungioni na katika uti wa mgongo.

Elimu hii si mpya. Mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali yake ya kupanda kwa hatua mwaka 1908, na tangu hapo yamekuwa yakirekebishwa hadi kufikia kompyuta ndogo ya mkononi inayomwonya mzamiaji kwa mlio anapopanda kwa kasi. Kanuni tunayowafundisha wageni inabebeka kichwani bila kompyuta: panda mita zisizozidi 9 au 10 kwa dakika, simama dakika 3 kwenye mita 5, usizuie pumzi hata mara moja wakati wa kupanda, pumzika juu kwa muda wa kutosha kabla ya kushuka tena, na mzamo wa kina zaidi uwe wa kwanza. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuifundishwa jioni moja barazani.

Mjomba wangu hakuifundishwa. Alianza kuzamia kwa miwani na pumzi zake mwenyewe, kama walivyofanya wazee wake, akiokota aina iitwayo jongoo mchanga katika maji ya magoti na ya viuno. Majongoo ya maji madogo yalipopungua, na wanunuzi wanaopeleka bidhaa Mashariki ya Mbali wakataka pauni, aina ya jongoo ambalo hukaa kwenye kina kirefu, tajiri mmoja akaleta mashua, kompresa na mitungi, akawakusanya vijana wenye vifua vya nguvu. Mafunzo waliyopewa yalikuwa namna ya kushika mdomo wa kifaa kwa meno na namna ya kufungua hewa. Walilipwa kwa jongoo, kwa hiyo walikaa chini hadi mtungi ukauke. Mtungi wa lita 11 uliojazwa vizuri una hewa ya lita 2,200 hivi, na mtu anayefanya kazi kwenye mita 30 anaweza kuimaliza kwa chini ya nusu saa. Hewa inapokatika hakuna anayekumbuka kupanda polepole, hata angekuwa ameelezwa. Akifika juu alipewa mtungi mwingine.

Siku iliyomfika, alipanda akiwa mzima, akanywa maji, akasema bega linamuuma. Baada ya muda miguu ikawa mizito, kisha hakuihisi kabisa, na mkojo ukamzuia. Wenzake, ambao walikuwa wamesikia kuwa maumivu ya namna hiyo hupungua mtu akirudi chini, walimfunga mtungi na kumshusha tena, na kweli chini alipata nafuu, kwa sababu mgandamizo huyabana mapovu. Lakini hewa ikaisha, ikabidi wampandishe, na alipopanda mara ya pili hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nyumbani watu walisema amepigwa na shetani wa bahari. Aliandikiwa kombe, akasomewa, ikatolewa kafara, na mimi siwezi kuwalaumu waliofanya hivyo, maana walimpenda na walimpa kila walichokuwa nacho. Alipofikishwa hospitali siku zilikuwa zimepita. Leo anatembea kwa fimbo, akiburuta mguu wa kushoto, na bahari anaitazama kutoka barazani.

Nilimuuliza yule daktari baada ya mhadhara, watu walipokuwa wakitoka: mtu wa namna hii afanyiwe nini, katika saa ya kwanza, kisiwani? Alijibu bila kusita. Alazwe chali, apewe oksijeni tupu kwa kifuniko cha uso kinachoshika vizuri, anyweshwe maji ikiwa ana fahamu na hatapiki, asirudishwe majini, na apelekwe kwenye chemba haraka iwezekanavyo. Na ikiwa atasafirishwa kwa ndege, basi iruke chini sana, kwa kuwa kupanda angani hupanua mapovu. Oksijeni ya mapema, alisema, wakati mwingine huondoa dalili zote, na hata isipoziondoa huongeza sana matumaini ya tiba itakayofuata, ijapokuwa mgonjwa anayepata nafuu bado lazima aonwe na daktari.

Chemba nilionyeshwa pia, mfano wa chuma nyeupe wenye dirisha la duara, ambamo mgonjwa hulazwa na kupandishiwa mgandamizo hadi kufanana na kina cha mita 18, akivuta oksijeni kwa vipindi, kwa tiba inayokaribia saa 5. Unguja chemba ya aina hii imewahi kuwekwa Matemwe kwa ajili ya wazamiaji. Mtu aliyeumia Makangale au Kojani, huko Pemba, yuko mbali na Matemwe kwa bahari nzima, na ndiyo maana sikuitazama kwa tamaa. Kuiendesha kunahitaji daktari, fundi, umeme usiokatika na fedha za kila mwezi. Nilichokitamani kilikuwa kwenye meza ya jirani: sanduku la plastiki la rangi ya kijani, lenye mtungi mdogo wa oksijeni, kipimo, mipira miwili na vifuniko vya uso, ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba kwa mkono na kuliweka chini ya ubao wa mashua. Vituo vyote vya kitalii ninavyovijua vina sanduku kama hilo. Mashua za majongoo hazina, ingawa ndizo zinazolihitaji zaidi.

Najua watakaopinga, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu katika kazi ya hifadhi. Watasema kuwa kuzamia kwa mitungi kunamaliza majongoo, na kwamba anayewapa wazamiaji oksijeni na mafunzo anawapa nguvu ya kuendelea. Kuhusu majongoo wanasema kweli. Pauni limeadimika kiasi kwamba mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ziliamua biashara yake ya kimataifa iwekewe masharti, nami ningependa kuona vina fulani na maeneo fulani yakifungwa kabisa, kama ilivyofanyika kwa miamba ya kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, tangu mwaka 1994. Lakini Chumbe yenyewe ni hoja upande wangu. Waliopewa kazi ya kuulinda mwamba ule walikuwa wavuvi, wakafundishwa, wakawa walimu wa wageni na wa wanafunzi wa skuli. Uharibifu wa bahari unazuiwa kwa sheria, kwa doria na kwa kumpa mtu kazi nyingine. Hauzuiwi kwa kumwachia mtu miguu ikafa.

Kwenye meza ya taasisi moja ya mafunzo kulikuwa na vitabu vya mzamiaji anayeanza katika lugha nyingi, vimepangwa kama sahani kabatini, na nilivipitia vyote hadi cha mwisho. Nilimuuliza kijana aliyesimama pale kama kuna cha Kiswahili. Alipekua, akamwita mwenzake, wakapekua pamoja, na pale mezani hakikuwapo. Walinichukulia jina kwa adabu. Sikumngoja mtu wa Ulaya aniandikie, kwa sababu yanayohitajika kwa mzamiaji wa majongoo ni machache na sisi tunaoifanya kazi hii kila siku tunayajua kwa Kiswahili: hewa safi, kupanda taratibu, kusimama, kupumzika, dalili, oksijeni. Ndani ya treni ya kurudi niliyaandika katika kurasa nne za daftari, kwa maneno yanayotumika mashuani, na kina nikakipima kwa pima na si kwa mita, kwani nahodha wetu anahesabu kwa pima. Pima 5 na nusu ni karibu mita 10. Kwa kusimama dakika tatu niliandika kuwa mtu afunge fundo kwenye kamba ya nanga, pima 3 kutoka juu, alishike kwa mkono na kusoma Yasin hadi mwisho wa ukurasa wa kwanza na zaidi, bila pupa, ndipo apande.

Niliporudi Pemba nilizipeleka kurasa zile kwa kamati ya uvuvi ya shehia, nikamchukua na mjomba. Alizungumza yeye zaidi kuliko mimi. Vijana wanaozamia sasa walimuuliza maswali ambayo mimi wasingeniuliza, kama vile ganzi ilianzia wapi, mkojo ulizuia kwa muda gani, na kama mtu akipata nafuu ya bega anaweza kushuka siku ya pili. Alimjibu kila mmoja kwa jina la baba yake. Kuhusu mpira wa kompresa na fundo la kamba walikubaliana pale pale, na mashua mbili zimekwisha kurefusha bomba. Sanduku la oksijeni ndilo lililoleta mjadala, kwa kuwa mtungi ukitumika hujazwa mjini kwa fedha, na wajumbe walitaka kujua nani atalipa. Wengine walipendekeza michango ya wavuvi, wengine wakataja wafadhili. Mimi nilisema alipe tajiri mwenye mashua na mitungi, iwe sharti la mashua kuondoka bandarini, na kamati imemwita mwezi ujao aje alisikie hilo kwa masikio yake.